Nilivyoitenga chai na sahani, damu ikarudi

Huku kwetu Tanga chai haina saa. Asubuhi inakuja na chapati na maharage ya nazi, mchana inasindikiza ubwabwa, jioni iko na vitumbua au mihogo, na mgeni akibisha hodi, kabla hajakaa vizuri birika limeshawekwa jikoni. Naipenda chai ya rangi yenye iliki na tangawizi, na sijaiacha. Nilichofanya ni kuisogeza tu, ikae mbali na chakula. Hatua hiyo, pamoja na dawa na vitu vya kawaida vya sokoni, ilinitoa kwenye uchovu na uzito wa moyo niliokuwa nimeshaanza kuuona kama ndio tabia yangu.

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu naifanyia Ngamiani. Ilifika wakati nikipanda ngazi kumpelekea mteja nguo yake, moyo unadunda kama nimekimbizwa. Nikiinama kuokota mkasi, nikiinuka naona giza. Usiku miguu haitulii: kuna kitu kinatambaa ndani yake, mpaka niamke nitembee chumbani ndipo kinapoa. Lakini kilichoniumiza zaidi ni hasira na huzuni. Mteja akisema kola imepinda kidogo, machozi yananilengalenga. Watoto wakigombania rimoti, nawapigia kelele mpaka wananyamaza na kunitazama kwa woga. Wifi yangu alinishauri nikasomewe. Shoga yangu mmoja akasema ni mawazo tu, maisha magumu.

Halafu kulikuwa na mchele. Nikikaa na ungo kuchagua mchele wa mchana, mkono mmoja unatoa chuya, mwingine unapeleka punje mdomoni. Natafuna mbichi, na ladha yake naiona tamu kuliko wali wenyewe. Jikoni nilikuwa na kikombe changu pembeni, na sikupenda mtu akiguse.

Huo mchele ndio ulionifichua. Nilikwenda zahanati kwa sababu ya kichwa kuuma. Muuguzi, mama wa makamo, akanivuta kope la chini, akatazama weupe wake, akaniuliza, "Mwanangu, unatafuna udongo, au mchele?" Nikamjibu mchele. Akatikisa kichwa, akaandika kipimo cha damu. Majibu yakaja HB, yaani kiwango cha damu, 8.7. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi.

Alinieleza kwa utulivu. Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba oksijeni, kikipungua misuli inachoka, na ubongo nao unachoka. Ndiyo maana mtu anakuwa mwepesi wa kukasirika, hawezi kutuliza akili kwenye kazi, anakosa hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Hamu ya kutafuna mchele mbichi, udongo ule unaouzwa vipande sokoni, au barafu, mara nyingi ni mwili wenye upungufu wa chuma unavyojionyesha. Hata miguu ya usiku inaweza kutokana na hilo. Na siko peke yangu: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Siwezi kueleza jinsi nilivyofarijika. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mimi ni mama mbaya.

Kabla ya kupewa dawa nilipimwa malaria, choo kwa ajili ya minyoo ya safura, na sikoseli, kwa sababu damu hupungua kwa njia nyingi na si kila mtu anafaa kumeza vidonge vya chuma. Nikaulizwa pia habari za hedhi. Yangu ilikuwa nzito, ya kubadilisha kila baada ya muda mfupi, nikapelekwa kwa daktari kuangaliwa kizazi. Dada zangu, hili msiliruke. Ukila vizuri huku damu inavuja kila mwezi, unajaza ndoo iliyotoboka.

Vidonge nilimeza usiku kabla ya kulala, na juisi ya chungwa. Choo kinakuwa cheusi na wakati mwingine kigumu, nilishaambiwa, kwa hiyo sikushtuka. Na niliambiwa nisiviache HB ikishafika 12, niendelee kama miezi mitatu mingine ili akiba ya mwili nayo ijae.

Ndipo yule mama akauliza, "Chai unakunywa saa ngapi?" Nikamwambia, na chakula, kama watu wote. Akasema hapo ndipo dawa na mboga vinapopotelea. Ule ukakasi unaousikia kwenye ulimi ukinywa chai nzito unatokana na tanini. Tanini hushikana na chuma kilichomo kwenye mboga na nafaka, na mwili unashindwa kukichukua. Kikombe kimoja kikinywewa na mlo kinaweza kuondoa zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungekipata. Kahawa nayo iko hivyohivyo. Chuma cha nyama na samaki hakisumbuliwi sana, lakini nani kati yetu anakula nyama kila siku? Chuma chetu kinatoka kwenye maharage, kunde, mchicha na unga. Sheria aliyonipa ilikuwa ndogo: chai isiguse chakula, ipite angalau saa moja.

Mwanzoni chapati ilinikwama kooni. Nilichojaribu kikafaa ni maji ya moto yaliyochemshwa na tangawizi, nakamulia limau kikombeni yakishapoa kidogo. Mkono unapata kikombe chake cha moto, na mdomo unapata ukali. Chai yenyewe naipata saa nne asubuhi nikiwa kwenye cherehani, na tena baada ya alasiri. Baada ya hapo sinywi, maana ya usiku ilikuwa inanikosesha usingizi.

Kazi ilikuwa kwa wageni. Mama mkwe alipokuja, nikaandaa samaki wa kupaka, wali na matembele, na birika halikuonekana. Akatazama meza, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, majani yamekwisha?" Nikamwambia, "Yapo mama, inakuja. Tushushe chakula kwanza." Tulikula, tukaosha vyombo, tukakaa barazani kuzungumza habari za ukoo, kisha nikaleta chai na kashata. Akaifurahia. Sasa akija, yeye ndiye anayewaambia wengine wasubiri.

Upande wa sahani sikununua cha ajabu. Napita soko la Mgandini nachukua matembele, mchicha au kisamvu kilichotwangwa, na dagaa. Dagaa wachache wakichanganywa na mboga husaidia mwili kuchukua hata kile chuma cha mboga yenyewe. Maharage na choroko naloweka usiku kucha na kumwaga maji yake. Sembe nimeibadilisha kwa dona, kwa sababu kiini na ganda la punje, ambako madini mengi yamo, havijatolewa. Maini napika mara mojamoja, ingawa mjamzito hashauriwi kuyala kwa wingi. Na kila mlo una kitu chenye vitamini C: limau, pera, pilipili hoho mbichi kwenye kachumbari, au machungwa ya Muheza yakiwa msimu. Limau nalikamulia juu ya sahani, silitii chunguni, maana moto unaiharibu vitamini hiyo. Watu wengi wanategemea juisi ya rozela kwa sababu ni nyekundu. Ni kinywaji kizuri, nami nakinywa, ila wekundu wake si damu na haiwezi kushika nafasi ya dawa.

Hamu ya mchele ndiyo iliyokufa kwanza, kabla hata HB haijapanda sana. Siku moja nilichagua mchele wote, nikaosha, nikabandika, ndipo nikagundua sikutia punje mdomoni. Miguu ikafuata kutulia. Hasira ilichukua muda zaidi, na aliyeiona imepungua ni mwanangu wa kiume, aliyeniambia, "Mama, siku hizi unaimba ukishona." Nilipopata pumzi ya kutosha nikaanza kutembea jioni kuelekea Raskazone na shoga yangu, polepole, tukiongea. Zamani nisingefika nusu ya njia. Nikirudi nalala usingizi wa kweli.

Ramadhani niliihofia, kwa kuwa futari bila chai kwetu ni kama haijaiva. Nikapanga hivi: nafungua kwa tende na juisi ya ukwaju, nakula futari, naswali, na kikombe kimoja cha chai hafifu nakunywa baada ya tarawehe. Kidonge nilikihamishia wakati wa daku, kabla sijala, ili kisikutane na chai hiyo.

HB ya mwisho niliyopima ilikuwa 12.6. Binti yangu amevunja ungo mwaka huu, na miezi ya kwanza damu yake ilikuwa nyingi, nikampeleka akapimwa mapema: 11.4. Kwake nako 12 ndiyo kipimo, kwa hiyo ameandikiwa dawa na anazimeza. Asubuhi anakula chapati yake na maharage na chungwa moja. Chai yake namwachia kwenye chupa, anainywa akirudi shule.