Jinsi Nilivyoacha Kufika Ufuoni Maji Yamejaa

Safari zetu za ghafla za kwenda Bamburi wikendi ziliharibika kwa sababu moja: tulifika jioni, maji yamejaa, na watoto hawana hata mchanga wa kuchimba. Suluhisho lilikuwa kutazama mwezi kabla ya kufungasha. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, kisha nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Sasa, hata tukiamua wakati wa chai, tunawahi vidimbwi vya maji ya vifundoni (bora, kwa maoni yangu, kuliko bwawa lolote la hoteli), na mdogo huvaa viatu vya plastiki kwa ajili ya matumbawe.