Jicho kwa Mpiga Kinanda

Tiketi ile ya tamasha niliipata kwa kaseti mbili na pakiti moja ya kahawa ya Magharibi. Ilikuwa Machi 1988, Berlin Mashariki, nami niko mwaka wa tatu wa masomo ya umeme, mtoto wa Kikwajuni, Unguja, niliyekwishazoea kula viazi siku saba za wiki. Sisi wageni tulikuwa na kitu kimoja ambacho Wajerumani wenzetu wa bwenini hawakuwa nacho, pasipoti ya kuvukia. Unapanda treni kituo cha Friedrichstraße, unapita mbele ya askari wasiocheka, muda si muda uko Berlin Magharibi unachagua jinzi na kaseti. Wao ukuta walikuwa wakiutazama tu. Basi mwenzangu wa chumba alipopata tiketi mbili kupitia FDJ, umoja wa vijana wa serikali, akaniuliza nitampa nini, sikuhangaika.

Rasmi lilikuwa tamasha la siku ya kuzaliwa ya FDJ, tarehe 7 Machi. Lakini mji mzima ulishajua nani anakuja: Depeche Mode, bendi kutoka Uingereza. Mahali ni Werner-Seelenbinder-Halle, ukumbi wa michezo ambao zamani ulikuwa soko la nyama. Nje kwenye baridi walisimama vijana wasio na tiketi, nywele wamezisimamisha kwa maji ya sukari, wakiniangalia mimi Mwafrika nikiingia kana kwamba nimewaibia. Na kweli, kwa hesabu yao, nilikuwa nimewaibia.

Bendi yenyewe sikuwa na mahaba nayo. Nimelelewa na mjomba mpiga akodiani wa taarab, nimelala utotoni juu ya mikeka ya mazoezi huku fidla na kanuni zikitafutana sauti. Kwenye taarab watu huinuka kwenda kumtuza mwimbaji. Noti zinamwangukia yeye, vigelegele vyake yeye, na nyuma yake mjomba anatota jasho, hakuna anayemtupia hata jicho. Tangu hapo macho yangu hayajui kumtazama mwimbaji. Yanakwenda nyuma yenyewe.

Taa zilipozimwa nilikuwa nimebanwa pembeni, ubavu kwa ubavu na askari wa zima moto. Dave Gahan, mwimbaji wao, akatoka akizunguka kama pia, wasichana wakapiga kelele mpaka masikio yakaziba. Nyuma yake vinanda vimepangwa juu ya majukwaa. Martin Gore, mtunzi wa nyimbo, mara kinanda mara gita. Andy Fletcher akiwapigia watu makofi. Na upande wangu, Alan Wilder, hachezi, hacheki, kichwa amekiinamisha kama mtu anayetengeneza saa.

Nikaanza kumfuata mikono. Ngoma zilikuwa kwenye mkanda, hilo nililitambua mapema, maana hakuna mtu aliyekuwa akipiga ngoma. Lakini kinanda chake hakikuwa piano. Ni mashine inayohifadhi sauti zilizorekodiwa, kila sehemu ya vibao ina yake: hapa kwaya, pale chuma kinagongwa, kule besi. Ukikosea kidole kimoja si noti tu unayoiharibu, unaingiza karakana nzima katikati ya wimbo. Yeye hakukosea. Mkono wa kushoto ukishika mwendo, wa kulia unaruka kwenda kumalizia sauti aliyoiacha mwingine, unarudi.

Walipofika kwenye “Stripped”, mwenzangu akanivuta sikio: ule mngurumo wa chini ni injini ya pikipiki, imepunguzwa mwendo. Mimi mwanafunzi wa umeme nikashikwa na bumbuwazi. Pikipiki! Kwetu ingekuwa ni kama kuipigia taarab kwa mota ya mashua.

Mengine ya Wilder niliyasoma miaka mingi baadaye. Kwamba alisomea piano tangu utotoni. Kwamba bendi ilitangaza gazetini inatafuta mtu wa chini ya miaka 21, naye ana 22, akadanganya umri. Kwamba akaingia mwaka 1982, akazunguka nao majukwaani, lakini albamu ya mwaka ule wenzake wakairekodi bila yeye. Kwamba ule wimbo wao wa 1990 unaopigwa mpaka leo kila mahali, “Enjoy the Silence”, Gore aliuleta ukiwa wa polepole, sauti yake na kinanda cha harmoniamu tu, na Wilder ndiye aliyeng'ang'ania uongezwe mwendo. Mwaka 1995, siku aliyotimiza miaka 36, akatangaza kwamba ameondoka, akisema kazi yake haikupewa heshima iliyostahili. Hapo nilifunga gazeti nikakaa kimya kidogo.

Nilirudi Unguja 1989 na redio kaseti begani. Jioni ya pili nikaenda kwa mjomba, shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi, habari za huko Uzunguni. Alikuwa ameanza kutetemeka vidole, akodiani imefunikwa kanga kwenye pembe ya chumba. Nikamwekea kaseti ya bendi ile. Nilitegemea anicheke.

Alisikiliza kichwa upande, kama alivyozoea. Mwimbaji alipoanza, akapunga mkono kumnyamazisha, kana kwamba yuko mle chumbani.

“Huyu wa nyuma,” akasema, “nani?”

Nikamtajia jina. Akajaribu kulitamka, likamshinda.

“Kasoma huyo. Irudishe.”

Betri zilikuwa zimekwisha nguvu. Nikaitoa kaseti nikaizungusha kwa kalamu ya Bic mpaka mwanzo, naye akaninyooshea kikombe nimwongeze chai.