Bordeaux nyekundu kwenye joto la Mwanza

Wapenzi wa mvinyo wa Mwanza, ule ushauri wa kunywa nyekundu "kwa joto la chumba" uacheni. Ulitokana na vyumba vya baridi vya Ulaya. Sebule ya Nyegezi saa nane mchana hufika nyuzijoto 27 kwa urahisi, na hapo pombe hupanda puani na harufu ya matunda inazimika. Bordeaux nyekundu, mvinyo wa eneo la Bordeaux huko Ufaransa, inataka nyuzi 16 hadi 18: iweke kwenye friji kama saa moja kabla ya kufungua.

Ikiwa changa, hasa ya Médoc, sehemu ya Bordeaux ambako zabibu za Cabernet Sauvignon hutawala, tanini (ule ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu) zitakausha ufizi. Imimine kwenye jagi pana, iache saa moja au mbili. Za Saint-Émilion na Pomerol, sehemu nyingine za Bordeaux, zina zabibu nyingi za Merlot, kwa hiyo ni laini zaidi. Chupa ya miaka mingi ni kinyume kabisa: isimamishe wima siku nzima mashapo yatulie, mimina polepole, inywe mapema. Hewa nyingi huiua.

Glasi ijae theluthi tu. Nusa, zungusha, nusa tena. Ikinuka kama kadibodi iliyolowa, kizibo kimeiharibu na haina dawa, irudishe dukani. Kizibo kilichochomoza juu ya mdomo wa chupa mara nyingi maana yake imepigwa joto safarini au rafuni.

Na sato je? Watu wa ziwa mnisamehe, tanini na samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Chukua Bordeaux nyeupe kavu, ya zabibu za Sauvignon Blanc na Sémillon. Nyekundu ingoje nyama choma ya ng'ombe yenye mafuta.