Rozimari ya Bibi ndani ya chupa

Juni 8
Uani kwa Bibi, hapa Uyole, Mbeya, ukuta unajengwa upya na msingi unapita palepale penye kichaka chake cha rozimari. Nimekwenda asubuhi na kisu.
"Shikamoo Bibi, naomba nikate matawi kabla mafundi hawajafika."
"Marahaba mjukuu wangu, kata. Ila yale magumu yaache, hayo ni kuni."
Nimekata vipandikizi 12, kila kimoja kama sentimita 10, chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapochomoza. Majani ya nusu ya chini nimeyapukuchua yote, maana jani likizama linaoza na kuharibu maji. Nimeviweka dirishani katika chupa za jemu, na nanaa vinne pembeni.

Juni 15
Nanaa ina mizizi myeupe tayari. Rozimari kimya. Viwili vimeoza shina, vikawa vyeusi, maji yananuka. Kuanzia leo nabadilisha maji kila baada ya siku mbili. Maji yaliyokaa sana huishiwa hewa, na mzizi nao unahitaji hewa.

Juni 27
Nilidhani shida ni mwanga. Leo saa kumi na mbili asubuhi nimeshika chupa ya dirishani nikashtuka: maji ni ya baridi kama yametoka kwenye friji! Watu wa Mbeya tunaijua Juni yetu, tunajifunga mablanketi, halafu mimi nimeacha vipandikizi vilale ubavuni mwa kioo. Mzizi hauwezi kuchipua upesi kwenye baridi ya namna hiyo. Nanaa ni ngumu, yenyewe haikujali.

Nimehamishia vinane kwenye rafu ya jikoni, penye joto la jiko la mkaa jioni na mwanga wa dirisha la mashariki. Viwili nimeviacha palepale ili nilinganishe. Maji mapya sasa yanalala ndani ya ndoo kwanza, simwagi tena yale ya bombani moja kwa moja. Chupa nimezizungushia karatasi ya kaki kwa sababu ukijani wa mwani ulishaanza kushika kioo.

Julai 9
Vitatu vya jikoni vimevimba kitako, vivimbe vidogo vyeupe. Nimeviangalia mara tano leo.

Julai 20
Vitano vina mizizi! Mirefu zaidi inafika sentimita 3. Kati ya vitatu vilivyobaki, viwili ni vile nilivyokata sehemu ngumu. Bibi alisema. Vya dirishani havina hata kivimbe.

Julai 27
Nimepanda vitano kwenye makopo, udongo nusu na mchanga nusu, matundu chini. Mizizi iliyozaliwa majini ni laini, hukatika ukiikandamiza, kwa hiyo nimemimina udongo taratibu na kuumwagilia badala ya kuushindilia. Wiki hii vinakaa kivulini na udongo hauachwi ukauke. Baadaye nitapunguza maji, rozimari haipendi tope.

Kopo moja nimempelekea Bibi jioni hii. Amevunja jani moja, akalinusa, akaniambia kopo niliweke karibu na mlango wa jikoni.