Kivuli cha Ukuta wa Chokaa

Jumamosi iliyopita niliutoa mkoba wa rangi chini ya kitanda. Miaka 9 umelala huko na viatu vya watoto. Tyubu ya nyeupe imekuwa jiwe, ya bluu ilinibidi niipasue kwa kisu, na brashi zilizobaki na nywele ni mbili.

Uchoraji niliusomea Nairobi miaka miwili. Chuoni nilipata mengi ya maana: kuchora mwili wa mtu, kupiga fremu, kuwamba turubai likakaza kama ngoma. Lakini niliporudi Mombasa nilikuwa naichora kama ilivyo kwenye kadi za watalii. Jahazi, mnazi, jua linatua, na kila kivuli nakitia nyeusi.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa mtaa wa Kibokoni, fundi wa kuandika mabango ya maduka. Hakutaka pesa. Asubuhi nilimpelekea mahamri na mbaazi, tukala barazani kwake, kisha akanikalisha mbele ya ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Ukuta mtupu! Siku ya tatu machozi yalikuwa karibu.

"Mwalimu, nimemaliza."

"Bado, mwanangu. Hicho kivuli umekitoa wapi? Tezama tena."

Nikatazama mpaka nikaona. Juu, chini ya roshani, kivuli kina ubuluu, kwani jua halikifikii lakini mbingu inakifikia. Karibu na ardhi kinageuka rangi ya mchanga, maana mwanga ukipiga njia huruka ukarudi ukutani. Weusi haumo popote. Mzee akaichukua tyubu yangu ya nyeusi, akaitia mfukoni mwa shati, na sikuidai tena. Hadi leo nikitaka giza nachanganya bluu ya ultramarini na kahawia iliyokoza.

Subira pia ni yeye aliyenifunza. Rangi ya mafuta, alisema, haikauki kama nguo kwenye kamba. Haitoi maji, bali hunywa hewa ndipo ikawa ngumu. Tabaka la kwanza liwe jepesi, lililozimuliwa kwa tapentaini, na yanayofuata yazidi mafuta. Nilimsikia, ila ngome ya Fort Jesus niliichora kwa pupa, mafuta mengi chini, mepesi juu. Kuta zile za matumbawe, zilizoanza kujengwa mwaka 1593, zikajaa nyufa kwenye turubai langu kabla ya mwaka kuisha, na kosa lilikuwa langu.

Kisha baba akaugua, nikapata kazi ya makaratasi ya mizigo bandarini Kilindini, nikaolewa, nikazaa. Mzee alifariki sijampelekea picha hata moja ambayo yeye angeikubali. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Basi Jumamosi nilirudi kwenye ukuta uleule. Chokaa haipo tena, wameupaka rangi ya dukani, ya maziwa yaliyotiwa chai. Mkono ulikuwa mzito, nao mazoea mabaya hayafi: kivuli cha kwanza nilikitia giza tupu. Nikakikwangua. Cha pili kikatoka na ubuluu, lakini si ule wa zamani, kwa kuwa ukuta wenyewe una umanjano sasa.

Sehemu ya juu nimeipata. Kona ya chini, penye mlango, bado haijakaa, kahawia imezidi. Jumamosi ijayo nitakuwa pale saa tisa, jua likiwa bado linaifikia njia.