Saa yangu moja ya hesabu

Mwanzoni mwa 2015 ndo nimeingia fomu foo. Mi nina ualbino na macho yangu yana uoni hafifu, karatasi lazima niisogeze mpaka pua iguse. Sa siku ya jaribio la hesabu nikapewa pepa ileile ya wenzangu, kopi ya kopi, mistari ya grafu imefifia, nukta ya desimali haionekani kabisa, 2.5 mi naisoma 25. Saa tatu zikaisha niko swali la sita, msimamizi akaja akaivuta karatasi bado naandika, pua yote wino.

Kilichoniuma sana sio maksi. Nilienda kwa mwalimu wa taaluma nikamwambia naomba kwenye NECTA, ule mtihani wa taifa wa kumaliza fomu foo, nipate maandishi makubwa, akanijibu kwa upole tu, "Mwanangu, wewe si kipofu, jitahidi, tutakuombea." Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Mi nilitaka karatasi ninayoweza kuisoma jamani.

Dada yangu alikuwa chuo, Dar, yeye ndo akatutumia kwa basi kurasa za Sheria ya Watu Wenye Ulemavu namba 9 ya 2010, kifungu cha 27, kwamba elimu ni haki yetu kama raia wengine. Akatueleza na utaratibu wa Baraza la Mitihani, mwenye uoni hafifu anapewa maandishi yaliyokuzwa na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa ya hesabu na 10 kwa masomo mengine, ila shule ikikusajili kama mtahiniwa wa kawaida basi imekula kwako.

Mama akaja shule, kurasa kazifunga kwenye pindo la khanga kama hela ya sokoni. Mwalimu akamwamkia, mama akaitikia marahaba, akazikunjua mezani akazinyoosha kwa kiganja. "Mwalimu, Kiingereza sikijui, ila dada yake kapigia mstari hapa. Sijaja kuomba huruma. Nataka mtoto aandikwe anavyotakiwa kuandikwa."

Mwalimu alisoma kimya, muda mrefu, af akavuta fomu ya usajili akairekebisha mbele yetu.

Novemba, siku ya hesabu ya NECTA, bahasha yangu ikaja peke yake. Msimamizi akaandika ubaoni muda wa wenzangu wa kumaliza, chini yake wangu, saa moja mbele. Wenzangu wakatoka, mi nikabaki na grafu yangu, na zile nukta za desimali nazisoma nimekaa wima.