Jumanne Moja Lowell: Kutoka Zamu ya Asubuhi hadi Ukumbi wa Madiwani

Saa kumi na nusu alfajiri, kengele ya simu inapolia mara ya pili, maji ya chai huwa tayari yako jikoni. Lowell, mji wa viwanda vya nguo kando ya mto Merrimack katika jimbo la Massachusetts, una Wakenya wengi, na si haba miongoni mwetu wanaoishi kwa kazi ya kuwatunza wazee. Hutembea hadi kituo cha basi nikifuata mfereji uliochimbwa ili maji yaendeshe mitambo, huku majengo ya matofali mekundu, yaliyokuwa viwanda, sasa yakiwa nyumba za kupanga ambazo kodi yake siithubutu.

Saa mbili humlisha uji bibi mmoja wa ukoo wa Wafaransa wa Kanada, aliyefanya kazi kiwandani akiwa msichana, kabla viwanda vya mwisho vikubwa havijafungwa katika miaka ya 1950. Ninapozungumza naye hanitazami machoni, hunitazama midomo. Nilidhani ni uziwi wa uzee, hadi siku moja nilipotembelea jumba la makumbusho la Boott Mills, ambako vitanda vya kufumia bado huwashwa na wageni hupewa vizibo vya masikio. Katika kelele ile, wafanyakazi walijifunza kusoma midomo. Leo aliniuliza kama naenda kwenye kikao cha madiwani jioni, nikamjibu kuwa naenda, naye akanigonga mkono kwa kijiko chake na uji ukaniingia kwenye sare.

Saa saba kasoro, wakati wa chapati na dengu, mwenzangu aliyepata uraia mwaka jana aliniambia, "Dada, hizo ni siasa zao. Kura yangu moja itafanya nini?" Nilimkumbusha uchaguzi wa mchujo wa chama cha Democratic mwaka 2018, ambapo Lori Trahan, binti wa mji huu, alishinda kwa kura 145 na kisha akaingia bungeni Washington. Ibada yetu ya Jumapili ina watu zaidi ya hao.

Ubishi wetu ulihusu jinsi madiwani wanavyochaguliwa. Zamani madiwani tisa walichaguliwa na mji mzima kwa pamoja, hivyo mitaa yenye wapiga kura wengi ndiyo iliyoamua yote. Mwaka 2017, wakazi wenye asili ya Asia na Amerika ya Kilatini walikwenda mahakamani, kwa kuwa karibu nusu ya mji haikuwa ya Wazungu ilhali madiwani wote walikuwa Wazungu. Maafikiano yalipatikana mwaka 2019, na tangu uchaguzi wa 2021 madiwani wanane hutoka kwenye wadi na watatu huchaguliwa na mji wote. Januari 2022 baraza lilimchagua Sokhary Chau, mzaliwa wa Kambodia, kuwa meya. Jambo linalowachanganya wengi waliozoea magavana wa kwetu ni kwamba meya wa hapa hashiki mfuko. Anayeendesha mji ni meneja anayeajiriwa na baraza. Kwangu faida ya wadi ni ndogo lakini ya hakika: sasa najua ni mlango wa nani nitakaobisha.

Zamu iliisha saa tisa. Nililala kidogo, nikakagua hesabu za mwanangu.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nilikuwa katika jumba la mji, lile la mawe lenye mnara wa saa, nikiwa bado na doa la uji. Diwani wetu alikuwa amekubali kuwasilisha hoja ya kumwomba meneja atoe taarifa juu ya uwezekano wa kuchora kivuko cha waenda kwa miguu pale tunaposhukia basi alfajiri. Tulisubiri muda mrefu huku bajeti na maegesho vikijadiliwa kwa kina ambacho, nakiri, kilinishinda. Zamu yetu ilipofika, hoja ilisomwa, nikasema sentensi tatu nilizozifanyia mazoezi kwenye basi, ikapigiwa kura ikapita, na karani akaenda kwenye hoja nyingine. Haikufika dakika tano.

Nilipotoka nje nilikuta ujumbe wa mwenzangu: anauliza kama jina lake litaandikishwa na kitambulisho chenye anwani ya zamani. Nilimjibu aje nacho kesho, tutauliza ofisi ya uchaguzi pamoja baada ya zamu.